Benki inapodai ovadrafti inayobishaniwa: sheria ya Uingereza inasemaje?

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakutaja dawa ya deni ambalo anayedaiwa halitambui, wala ya lile lililoanza na pauni chache likafikia mamia kabla mwenyewe hajapata habari.

Chukulia mfano wa muuguzi aliyefanya kazi mjini Birmingham, kisha mwaka 2018 akahamia Muscat. Akaunti yake ya benki aliiacha bila kuifunga, akidhani kwamba ikishaisha fedha haina madhara. Lakini mkataba wa simu aliousahau uliendelea kukatwa kila mwezi. Akaunti ilipokauka, benki iliyalipa malipo hayo mara mbili, ikaongeza tozo zake, na baadaye ikaliuza deni hilo kwa kampuni ya kukusanya madeni. Barua zote zilipelekwa kwenye nyumba aliyokwisha kuihama. Aliporejea Uingereza mwaka 2025 na kutafuta nyumba ya kupanga, aliambiwa kwamba kuna hukumu ya mahakama dhidi yake.

Muuguzi huyo ni wa kubuni, lakini hakuna hatua hata moja katika kisa chake isiyoweza kutokea. Kinachofunzwa hapo ni jambo ambalo wadaiwa wengi huligundua wakiwa wamechelewa: kiasi kilichoandikwa katika barua ya benki ni dai tu. Sheria humpa mteja njia kadhaa za kulipinga, lakini karibu kila njia ina tarehe yake ya mwisho, na anayenyamaza huhesabiwa kuwa hana la kujitetea.

Ovadrafti ni nini?

Ovadrafti ni fedha ambazo benki humwezesha mteja kuzitumia baada ya akaunti yake kwisha. Nchini Kenya, huduma ya Fuliza iliyoanza mwaka 2019 imelifanya wazo hilo lifahamike na watu ambao hawajawahi kukanyaga ukumbi wa benki.

Katika benki za Uingereza ziko ovadrafti za aina mbili. Ya kwanza ni ya makubaliano: mteja huomba, benki humwekea kikomo, tuseme pauni 500, na riba hujulikana tangu mwanzo. Ya pili haina makubaliano. Hutokea pale malipo yanapopita ilhali akaunti haina kitu, au pale kikomo kilichowekwa kinapovukwa. Mara nyingi mteja hakukusudia kukopa. Ni malipo ya umeme, simu au bima yaliyojikata siku mbili kabla ya mshahara kuingia.

Kwa Waislamu wanaojiepusha na riba, na hao ni wengi miongoni mwa watu wa mwambao waishio Uingereza, aina hii ya pili ina uchungu wa ziada, kwani mtu hujikuta ndani ya riba bila ya kuomba. Benki kubwa za nchi hiyo zinatakiwa kutoa akaunti ya msingi kwa wanaotimiza masharti. Akaunti hiyo haina ovadrafti, wala mteja hatozwi pale malipo yanapokataliwa kwa kukosa fedha.

Mlango uliofungwa mwaka 2009

Katikati ya muongo wa 2000, kuvuka kikomo kwa pauni moja kuliweza kumgharimu mteja pauni 30 au zaidi, na tozo hiyo kurudiwa kila malipo mengine yalipopita. Maelfu ya wateja walizishtaki benki, wakisema kwamba hiyo ilikuwa adhabu isiyolingana na gharama ya kazi iliyofanywa. Benki nyingi zilichagua kurejesha fedha nje ya mahakama.

Mwezi Julai mwaka 2007, Office of Fair Trading, idara iliyosimamia biashara ya haki wakati huo, ililifikisha suala hilo mbele ya Mahakama Kuu ili upatikane uamuzi mmoja wa kufuatwa na wote. Walioshtakiwa walikuwa benki saba na chama kimoja cha akiba na mikopo ya nyumba. Idara hiyo ilishinda mwaka 2008, ikashinda tena mbele ya Mahakama ya Rufaa mapema mwaka 2009. Lakini tarehe 25 Novemba mwaka huo, Mahakama ya Juu, ambayo ilikuwa haijatimiza hata miezi miwili tangu kuanzishwa, iliutengua ushindi huo.

Majaji walisema tozo hizo ni sehemu ya bei ambayo wateja hulipia huduma nzima ya akaunti. Kwa kanuni za mwaka 1999 kuhusu masharti yasiyo ya haki katika mikataba, bei haikuweza kupimwa kwa kuuliza iwapo inalingana na huduma, mradi imeandikwa kwa lugha iliyo wazi. Mahakama haikusema kwamba tozo zilikuwa za haki. Ilisema tu kwamba idara haikuwa na uwezo wa kuzipima kwa kipimo hicho.

Tofauti hiyo ina maana hadi leo. Hoja kwamba tozo ilikuwa kubwa mno kupita gharama za benki haitoshi peke yake. Lakini milango mingine haikufungwa. Sheria ya Mikopo ya mwaka 1974, kama ilivyorekebishwa, inaipa mahakama uwezo wa kuingilia kati pale uhusiano mzima wa mkopeshaji na mkopaji unapokuwa si wa haki. Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya kanuni za 1999, inataka sharti la bei liwe wazi na pia liwekwe mahali ambapo mteja wa kawaida ataliona. Na benki iliyokosea hesabu, au iliyomwongezea tozo mtu inayejua kwamba amelemewa, haipati kinga yoyote katika hukumu ya 2009.

Kanuni zilizobadilika mwaka 2020

Lile ambalo mahakama haikulifanya lilikuja kufanywa na msimamizi. Kuanzia tarehe 6 Aprili 2020, mamlaka ya kusimamia huduma za fedha, ijulikanayo kwa kifupi kama FCA, ilizipiga marufuku benki kutoza ada za kila siku au za kila mwezi kwa ajili ya ovadrafti. Bei inatakiwa kuwa riba ya mwaka peke yake, na ovadrafti isiyo na makubaliano haiwezi kutozwa zaidi ya ile ya makubaliano.

Nafuu hiyo ilikuja na gharama yake. Benki nyingi zilipandisha riba ya ovadrafti za makubaliano hadi karibu asilimia 40 kwa mwaka. Kwa kiwango cha asilimia 39.9, anayedaiwa pauni 500 kwa siku 30 hulipa takriban pauni 14.

Kwa hiyo mtu anayeletewa deni lililoanza kabla ya Aprili 2020 na kuendelea baada yake ana sababu nzuri ya kutaka hesabu itenganishwe: kiasi gani ni fedha alizotumia, kiasi gani ni ada za zamani, na kiasi gani ni riba ya kanuni mpya.

Hesabu kwanza, ubishi baadaye

Mali bila daftari hupotea bila habari, na deni bila daftari hukua vivyo hivyo. Anayebishana na benki bila ya kuwa na karatasi mkononi huishia kubishana na kumbukumbu yake mwenyewe.

Sheria ya kulinda taarifa za watu binafsi inampa kila mtu haki ya kuiandikia benki na kuomba nakala ya taarifa zake: taarifa za akaunti, barua, na hata kumbukumbu za mazungumzo ya simu. Benki ina mwezi mmoja wa kujibu, ingawa muda huo unaweza kuongezwa kwa ombi lililo gumu, na kwa kawaida haitozi chochote. Kampuni iliyonunua deni nayo inabanwa na sheria hiyo hiyo.

Karatasi zikifika, swali la kwanza ni deni lilitokana na nini.

Ikiwa lilitokana na malipo ambayo mteja hakuyaidhinisha, kwa mfano kadi iliyoibiwa, kanuni za huduma za malipo za mwaka 2017 ziko upande wake. Ni juu ya benki kuthibitisha kwamba aliyaidhinisha, na kule kutumika kwa kadi na namba ya siri si lazima kuwe ushahidi wa kutosha. Benki inatakiwa kuirudisha akaunti katika hali ambayo ingekuwamo, yaani pamoja na riba na tozo zilizozaliwa na wizi huo. Lakini mteja atoe taarifa mara tu anapogundua, na kwa vyovyote isipite miezi 13. Na mtu aliyezembea kwa kiasi kikubwa, kwa mfano kumpa mwingine namba yake ya siri, anaweza kubebeshwa hasara.

Ikiwa ni malipo ya kila mwezi yaliyokatwa kimakosa kwa utaratibu wa Direct Debit, utaratibu huo una dhamana yake: benki ya mlipaji hurejesha fedha kwanza, kisha ndipo ifuatilie kosa lilikuwa la nani.

Ikiwa akaunti ilikuwa ya watu wawili, mambo ni mazito zaidi. Kila mwenye akaunti hudaiwa deni lote, wala si nusu yake, hata kama fedha zilitumiwa na mwenzake peke yake. Wanandoa waliotengana na kuiacha akaunti ya pamoja ikiendelea hujifunza jambo hilo kwa machozi.

Lakini undugu peke yake haumfanyi mtu kuwa mdaiwa. Ovadrafti ya kaka si deni la dada. Mtu akifariki dunia, deni lake hulipwa kutokana na mali aliyoiacha. Isipotosha, watoto hawabebeshwi salio. Katika jamii zinazoona aibu marehemu kuzikwa na deni, wakusanya madeni hupokea fedha nyingi ambazo aliyelipa hakuwa akidaiwa. Anayetaka kumlipia nduguye kwa imani au kwa heshima ana uhuru huo, lakini ajue kwamba analipa kwa hiari.

Malalamiko rasmi

Hatua inayofuata ni kulalamika kwa maandishi. Neno malalamiko lina uzito wa kisheria: likishatumika, benki ina wiki nane za kutoa jibu la mwisho. Barua isiwe ndefu. Itaje tarehe, kiasi kinachobishaniwa, sababu, na kile mteja anachotaka kifanyike. Ni busara pia kuandika kwamba barua hiyo haimaanishi kulikiri deni.

Jibu lisiporidhisha, au wiki nane zikipita kimya, mteja anaweza kwenda kwa msuluhishi wa migogoro ya fedha, Financial Ombudsman Service. Huduma hiyo haina malipo na haihitaji wakili. Mlalamikaji akiukubali uamuzi wa mwisho wa msuluhishi, benki inabanwa nao. Asipoukubali, bado anaweza kwenda mahakamani. Wala si lazima awe anaishi Uingereza, mradi huduma inayolalamikiwa ilitolewa na benki kutoka nchini humo.

Saa, hata hivyo, inahesabu. Mlalamikaji ana miezi sita tangu tarehe ya jibu la mwisho la benki. Kwa jumla, lalamiko linatakiwa kutolewa ndani ya miaka sita tangu jambo lenyewe kutokea, au ndani ya miaka mitatu tangu mteja alipojua, au alipopaswa kujua, kwamba ana sababu ya kulalamika, kutegemea lipi lina muda mrefu zaidi.

Mkusanya madeni si dalali wa mahakama

Barua za kampuni za kukusanya madeni huandikwa kwa namna ya kutia hofu. Lakini mfanyakazi wa kampuni hiyo hana mamlaka yoyote ya kuingia nyumbani kwa mtu wala kuchukua kitu. Mwenye mamlaka hayo ni dalali wa mahakama, naye hafiki kwa deni la benki mpaka kwanza pawe na hukumu.

Kanuni za FCA zinaitaka kampuni isimamishe hatua za kukusanya deni pale mteja anapolipinga kwa sababu za msingi, au zinazoweza kuwa za msingi, na ilichunguze.

Wengi waliokulia Afrika Mashariki hubeba hofu nyingine, ya jela. Sheria za Kenya na Tanzania bado zinairuhusu mahakama, kwa masharti maalumu, kumpeleka mdaiwa katika kifungo cha madai. Nchini Uingereza mtu hafungwi kwa kushindwa kulipa ovadrafti.

Kilicho cha kuangaliwa zaidi ni mkono wa benki yenyewe. Mteja mwenye ovadrafti na akaunti ya akiba katika benki moja anaweza kukuta fedha zimehamishwa kutoka huku kwenda kule. Ndiyo maana washauri wa madeni humwelekeza mwenye mgogoro afungue akaunti katika benki nyingine kwa ajili ya mshahara na kodi ya nyumba.

Deni lililozeeka

Katika England na Wales, Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1980 humpa mdai miaka sita ya kufungua kesi. Kwa ovadrafti, miaka hiyo kwa kawaida huanza kuhesabiwa tangu benki ilipodai rasmi deni lote lilipwe. Ireland ya Kaskazini nayo ina miaka sita. Scotland ni miaka mitano, na huko muda ukipita deni lenyewe hufutika.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Kabla ya muda kwisha, malipo hata ya pauni moja, au barua yenye saini inayokiri deni, huirudisha hesabu mwanzo. Aidha, katika England na Wales mahakama haitamkumbusha mdaiwa kwamba muda umepita. Ni lazima mwenyewe aiweke hoja hiyo katika utetezi wake. Muda ukishapita, naye akaiambia kampuni kwamba halipi kwa sababu hiyo, kanuni zinaikataza kampuni kuendelea kumdai.

Barua isiyotakiwa kuachwa

Katika England na Wales, kabla ya kumshtaki mtu, mdai anatakiwa kumpelekea barua ya dai yenye fomu ya kujibu, na kumpa siku 30. Hii ni nafasi ya kuomba nyaraka na kueleza kinachobishaniwa.

Kesi ikifunguliwa katika mahakama ya madai, County Court, anayeshtakiwa ana siku 14 tangu kuhesabiwa kwamba amepokea hati. Akijulisha kwamba ameipokea, hupata jumla ya siku 28 za kuandika utetezi. Asipojibu, mdai huomba hukumu, naye huipata bila ya jaji kuuliza iwapo deni lilikuwa la kweli. Hukumu hiyo hubaki katika rejista kwa miaka sita, isipokuwa ikilipwa yote ndani ya mwezi mmoja, na huweza kumnyima mtu nyumba ya kupanga, mkopo, hata mkataba wa simu.

Anayesikia habari za hukumu akiwa amechelewa anaweza kuiomba mahakama iitengue. Ni lazima afanye hivyo haraka tangu alipojua, aeleze kwa nini hakujibu, na aonyeshe kwamba ana utetezi wenye uzito. Ombi hilo hulipiwa ada, ingawa mwenye kipato kidogo anaweza kuomba asamehewe.

Deni likiwa la kweli

Si kila ubishi huishia kwa ushindi. Mara nyingine karatasi huonyesha kwamba mteja anadaiwa, angalau sehemu. Hata hapo, benki inatakiwa kumtendea kwa uangalifu mtu aliyelemewa, kwa mfano kwa kusimamisha riba au kukubali malipo madogo anayoyamudu. Tangu tarehe 4 Mei 2021, mkazi wa England au Wales anaweza, kupitia mshauri wa madeni, kupata siku 60 ambazo riba, tozo na hatua za kumdai husimama. Scotland ina utaratibu wake.

Ushauri wa bure hutolewa na mashirika kama Citizens Advice, National Debtline na StepChange. Hakuna haja ya kumlipa wakala anayeahidi kufuta deni kwa ujira.

Na muuguzi wa Birmingham? Mkataba wake wa kazi na hati yake ya ukaazi wa Oman vinaweza kuonyesha kwamba hakuwa akiishi kwenye anwani iliyopelekewa hati. Mdai aliyekuwa na sababu ya kujua kwamba amehama alipaswa kuchukua hatua za kumtafuta. Hukumu ikitenguliwa, kesi huanza upya, na safari hii kampuni italazimika kueleza kila pauni ilitoka wapi. Huenda mwishowe akalipa zile za simu, kwa kuwa mkataba ulikuwa wake. Lakini atakuwa amelipa anachodaiwa, si kile kilichoandikwa na mtu mwingine wakati yeye hayupo.